Sura ya Mama Debe

Jumatatu, 3 Mei 1965

Mvua tena alfajiri. Nimeketi dirishani na blanketi mabegani, nangoja mwanga unitoshe. Vyumba viwili vimepata wino. Vinne bado ni penseli tupu. Naviita vyumba, vile visanduku sita ambamo watu wangu wanaishi gazetini kila wiki. Kwa mhariri ni hadithi ya picha ya kujaza ukurasa wa nyuma. Kwangu mimi ni karo ya watoto wawili walioko bweni, kwa hiyo sina ruhusa ya kuumwa.

Kiwiko kinauma hata hivyo. Mgongo nao. Mwaka wa tatu huu namchora Mama Debe akiuza mahindi sokoni, akigombana na wateja kuhusu kilele cha debe. Yeye hachoki. Mimi nimechoka kwa niaba yake.

Chumba cha tatu kilinikataa. Mama Debe anatakiwa amtazame karani wa soko bila kusema neno, hadi karani aone haya. Nimefuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Nikamwita mke wangu Rispa kutoka jikoni. Simama hapo. Mkono nyuma ya kiuno, vile unavyosimamaga. Usibadilishe uso. Akasimama na mwiko mkononi, moshi bado machoni. Nikapata nilichotaka na chumba kikakaa sawa.

Nilisahau kumwambia imetosha. Nilipoinua kichwa alikuwa bado amesimama.

Jumatano, 5 Mei

Bahasha imeondoka na posta ya asubuhi. Ninachopeleka Jumatano hii watu watakisoma Jumamosi ya wiki ijayo. Bahasha ikishaingia mle kwenye tundu la posta, basi, hata mimi mwenyewe nakuwa msomaji.

Jioni nilitaka kulala mapema. Cherehani ya Rispa ilikuwa ikilia barazani, sare za shule za watu. Nikalala nayo hivyo hivyo ikilia.

Jumamosi, 8 Mei

Gazeti limefika. Nililichukua dukani kwa Mzee Salim, yule wa Mumias, ambaye huanza na ukurasa wa nyuma na mara nyingi huishia hapo. Baada ya salamu aleikum zake ndefu akaniambia huyu mama ni shangazi yake hasa, wallahi. Wiki iliyopita fundi viatu alisema ni jirani yake wa Shirere. Kila mtu ana Mama Debe wake. Huwa nafurahi nikisikia hivyo. Leo nilitabasamu tu kwa adabu, miguu ikiniuma.

Nikampelekea Rispa. Alisoma amesimama. Hakucheka. Alisoma tena, gazeti karibu na uso, kisha akalikunja, akapanda kigoda akaliweka juu ya kabati mahali ninapofika mimi tu kwa urefu. Baadaye nilimwona amekitoa kioo ukutani amekipeleka dirishani. Nilidhani anakifuta vumbi.

Chakula cha jioni alikula ameinama. Na mimi nilikuwa nawaza chumba cha kwanza cha wiki ijayo, kwa hiyo sikumwuliza.

Jumapili, 9 Mei

Siku mbaya. Shemeji Petro amekuja hapa Kakamega kutoka kwao Mautuma, mabasi mawili na mguu, suti ya kanisani imelowa hadi magotini. Petro ni mdogo wake Rispa, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Hakutaka chai. Mtu wa kwetu akikataa chai baada ya safari ile, ujue kuna jambo.

Akatoa gazeti mfukoni. La zamani, limeshikwa na mikono mingi. Akaniwekea kidole juu ya Mama Debe.

"Shemeji, wewe uliangalianga mama yetu wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza huku anatazama sakafu. Mautuma yote inasema Mama Debe ni mama yao. Mkono nyuma ya kiuno ni wake. Kitambaa kilichofungwa fundo mbele ni chake. Ile tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajishtaki mwenyewe ni yake. Walianza kucheka visimani. Sasa hawacheki tena. Wanauliza mkwe gani huyu anayemtazama mama mkwe wake usoni mpaka akamjua kila mkunjo.

Naandika hapa ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kuuandikia. Sijawahi kumwona. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Tukikutana njiani naingia majanini. Akiwa ndani nakaa nje. Siku ya harusi alikuwa upande ule wa migomba na mimi upande huu. Ninachokijua ni sauti yake nyuma ya ukuta, na visigino vyake akiondoka, na pindo la gauni. Niwekwe mbele ya wanawake kumi nimtoe mama mkwe wangu, nitashindwa.

Nilimwambia Petro hivyo. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyesema mbuzi amekula daftari.

Rispa alikuwa mlangoni muda wote. Hakunitetea. Hiyo ndiyo imeniuma kuliko yote.

Jumanne, 11 Mei

Rispa ameondoka. Anakwenda kwa mama yake. Amefunga cherehani kwa shuka kama mtu anayefunika maiti, akabeba kikapu kimoja. Nikamwuliza atarudi lini. Akasema atarudi akirudi.

Nilimsindikiza hadi kituoni chini ya mwavuli mmoja, kila mtu na bega lake nje. Kabla ya kupanda basi akaniuliza, "Sasa utamchora nani?"

Niliona kama ananikejeli kuhusu mama yake. Nikakasirika. Basi likaondoka na mimi nimenuna, mtu mzima.

Alhamisi, 13 Mei

Nimepika ugali. Umeshika sufuria. Nimekula uliobaki katikati.

Bahasha ya jana ilikwenda, lakini vyumba vyake ni vibaya. Mama Debe nimempa mgongo katika vyumba vyote sita. Ninaona aibu kumchora uso na Mautuma inanitazama begani. Halafu sikuwa na mtu wa kumwambia simama hapo.

Nyumba kimya. Sikujua cherehani ile ilikuwa ikinisaidia kufikiri.

Jumamosi, 15 Mei

Nimemwandikia Rispa kupitia dereva wa basi. Hakuna jibu. Dereva anasema alimwona sokoni Mautuma, alichukua karatasi, akaiweka kifuani, akaendelea kuchagua nyanya.

Namkosa. Nimeandika neno hilo na kulitazama muda mrefu. Miaka kumi na minne ya ndoa, na ni mara ya kwanza naliandika.

Jumatatu, 17 Mei

Nimeamua. Mama Debe atakufa.

Nimezunguka na wazo hili tangu jana kanisani. Akifa, hakuna tena sura ya kubishania. Mautuma itanyamaza, Rispa atarudi, na mimi nitaanza hadithi nyingine ya mtu asiyefanana na yeyote, labda sungura. Na kusema kweli nimemchoka. Nataka alale nami nilale.

Nimechora mchana kutwa bila kufuta. Chumba cha kwanza anapanga debe lake. Cha pili anabishana. Cha tatu jua kali. Cha nne anaketi chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwanze. Cha tano mkono umeanguka kando ya mahindi. Cha sita wanawake wa soko wameshika vichwa. Hakuna maneno katika chumba cha sita. Ni kazi nzuri. Zamani ningemwita Rispa aje aone.

Jumatano, 19 Mei

Bahasha imeingia tunduni. Nimerudi nyumbani nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumapili, 23 Mei

Petro amemtuma mtu. Mama mkwe anaumwa. Kifua. Usiku wa Alhamisi alishindwa kupumua wakamkalisha hadi kukakucha, sasa yuko katika hospitali ya misheni na Rispa yuko naye.

Mjumbe alipoondoka ndipo akili ilinirudia. Nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Nimemchora amekufa. Mwanamke ambaye mji mzima unasema ni yeye, na mimi mkwe wake nimekaa mezani kwa mkono wangu mwenyewe nikamlaza chini, nikaita wanawake wamlilie. Kisha akaugua. Kwetu hakuna atakayeuliza kuhusu posta na siku kumi. Watahesabu tu nani alianza. Hata mimi, niliyesoma, niliyefanya kazi ofisi ya upimaji na kuchora ramani za Wazungu, nimeanza kuhesabu nami. Nilitaka kumwondoa katika gazeti, nimemwondoa duniani. Na Rispa atakuwa ameketi kando ya kitanda gazeti likifika.

Jumatatu, 24 Mei

Telegramu kwa mhariri, posta ilipofunguliwa tu: MAMA DEBE ASIFE. NGOJA PICHA MPYA.

Karani alisoma maneno yale, akanitazama, akaniuliza kama mama ni mgonjwa sana. Nikasema ndiyo. Akasema pole. Sikuwa nimedanganya.

Jumanne, 25 Mei

Jibu: UKURASA TAYARI. KIFO KIZURI SANA. TUMA MAZISHI.

Nimeiweka chini ya chupa ya wino.

Jumatano, 26 Mei

Sikutuma mazishi. Nimechora soko linalia. Vyumba sita vya watu wanalia. Debe limekaa peke yake, hakuna anayethubutu kuligusa. Mhariri atapiga kelele, na apige. Siwezi kumzika.

Jumamosi, 29 Mei

Nilikuwa kituoni kabla ya basi. Magazeti yalipoteremshwa nikamwambia Mzee Salim nanunua yote. Akauliza kuna nini. Nikasema nafunga vitu. Nikayabeba begani hadi nyumbani kama gunia la viazi, mvua ikanikuta njiani, nikafurahi yakilowa.

Nimefika, nimeyamwaga sakafuni, nimeketi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gazeti la Mautuma halipiti Kakamega. Huja kwa upande wa Eldoret.

Mjinga mimi.

Jumatatu, 31 Mei

Sikuyapata yote hata hapa mjini. Kuna moja lilichomolewa na kusomwa ndani ya basi kabla halijafika kituoni. Moja tu, na limetosha.

Wanawake wa soko la Kakamega wamekuja kutoa pole. Saba au nane, wamejipanga barazani, mkubwa wao ameshika ingokho kwapani, jogoo mwekundu. Nilitoka nikiwa na fulana. Wakaniambia wamesikia. Wakasema alikuwa mama mzuri, hakuwa anapunja, alikuwa anajaza debe mpaka linamwagika. Mmoja akalia kweli. Nikabaki nimeshika jogoo wa matanga ya mtu niliyemtunga mwenyewe, sijui nicheke au nilie. Nikalia. Wakaniambia ni mapenzi ya Mungu.

Nililia kwa sababu ya uchovu, nadhani. Na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyenijia wiki tatu hizi.

Jogoo nimemfunga mguu wa meza.

Jumanne, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Ngoma uwanjani tangu asubuhi, watoto na bendera ndogo za karatasi. Sikwenda. Jogoo anawika chini ya meza yangu na kuchafua miguu yangu. Bado sina habari kutoka hospitali. Kila baiskeli ikipunguza mwendo nje, natoka mlangoni.

Alhamisi, 3 Juni

Jana nilituma soko likiendelea kulia. Wiki ya pili ya kilio. Mhariri ameuliza kwa telegramu kama maiti itaoza.

Leo mchana Petro mwenyewe. Safari hii alikunywa chai, vikombe viwili, na mimi nikimtazama mdomo kama mbwa. Mama yuko hai. Ametoka hospitali. Amedhoofu lakini anagombana na kila mtu, hiyo ni dalili nzuri. Gazeti lilifika, Petro akalificha, lakini mjumbe wa kanisa alikuja kumwona mgonjwa akamsomea lote, na picha akamwonyesha.

"Alisema nini?"

"Alisema uitwe."

Nimeuliza kuhusu Rispa. Petro akasema dada yake anapalilia mahindi ya mama na haongei sana. Kisha akasema, "Dada anakuwanga hivyo akiumia," akasimama kwenda.

Jumamosi, 5 Juni

Nimerudi sasa hivi. Naandika kabla sijavua koti.

Nilifika Mautuma saa sita. Shamba lao bado lina ile miti ya settla wa Kizungu iliyopangwa mstari, na nyumba ya mama iko mwisho wake, udongo mpya na mabati mapya, sehemu waliyopewa mwaka juzi. Wakaniwekea kigoda nje, chini ya paa, mgongo wangu ukutani. Yeye alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta ule ule. Nilisikia kitanda kikilia na kifua chake kikikwaruza. Rispa sikumwona. Jembe lake tu lilikuwa limeegemezwa mlangoni, bichi.

"Mulembe, omukhwe," alinisalimu mkwe wake.

"Mulembe, mama."

Akanyamaza. Mvua ilikuwa inaanza. Alinyamaza mpaka nikataka kuungama dhambi ambazo sijazitenda, na hapo nikajua Mautuma hawakukosea. Kunyamaza kule ninakuchora kila wiki.

"Niliambiwa nimekufa," akasema. "Sasa nauliza. Nilikufa na nini?"

Kweli sikuwa nimeandika.

"Mutu hakufanga bure. Ukiniua bila ugonjwa, watu wataanza kutafuta nani aliniroga, na watapata. Umewaachia watoto wangu kazi."

Nikamwambia sikumkusudia yeye. Nikamwambia sijawahi kumtazama, naapa kwa watoto wangu, sijui hata ana meno mangapi. Nilikuwa naongea na mvua mbele yangu. Kutoka ndani nikasikia sauti ambayo nilidhani ni kikohozi, kumbe anacheka. Halafu ikawa kikohozi kweli, kirefu, na nyayo za mtu ndani zikakimbia kumshika. Nyayo za Rispa. Nazijua.

Alipotulia akasema, "Mwinue."

"Nani?"

"Huyo wa gazeti. Mwinue. Sema alikuwa amerara. Mama wa soko tangu asubuhi amesimama, akiketi kidogo akashikwa na usingizi, watu watasema amekufa. Kwa sababu hawajamuonanga akirara."

Nilibaki nimekaa. Mwaka wa tatu huu natunga hadithi, na sijatunga kitu kizuri kama hicho.

Kisha akasema amezeeka kuongea na ukuta. Nilete blanketi Jumamosi ijayo, tumalize aibu hizi za ukwe kama watu wanavyozimaliza, tutazamane. Anataka kumwona aliyemwua.

Niliomba kumwona Rispa. Mama ndiye aliyejibu. Alisema, "Huyo umuombe wewe mwenyewe, si mimi." Rispa hakutoka. Nikaondoka, mgongo wa koti umeshika udongo wa ukuta wao.

Jumatano, 9 Juni

Bahasha imekwenda. Mama Debe ameketi wima katikati ya waombolezaji, anawauliza nani amegusa debe lake. Chumba cha mwisho anasema alikuwa amelala tu. Amechoka. Hawajawahi kuona mtu akilala?

Nimemchora kwa shida. Uso ulikuja mikononi kabla sijaufikiria, macho yale na mistari ile miwili chini yake. Nimejaribu kuuondoa nikashindwa. Mkono unaujua kuliko mimi.

Mhariri atachukia au atapenda. Sina nguvu za kujali.

Jumamosi, 12 Juni

Blanketi nimenunua, jekundu, zito. Jogoo wa matanga nimempeleka pia, alikuwa hafai kuliwa na mtu mmoja.

Petro na wazee wawili wa ukoo walisimama kati yetu. Mambo yenyewe ni mafupi. Blanketi likakunjuliwa na kushikwa kama pazia, mama akiwa upande ule. Maneno yakasemwa. Kisha wakamfunika nalo mabegani, na mbele yangu hapakuwa na pazia tena. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Sikuweza kukiinua. Petro akanigusa kiwiko, kile kinachouma.

Nikatazama.

Hafanani.

Nimeandika neno hilo na bado nashangaa. Mama mkwe wangu ana uso wa mviringo, mdogo, mashavu yamejaa hata baada ya ugonjwa. Pua fupi. Macho ya kucheka. Mkono nyuma ya kiuno ni wake, kitambaa ni chake, kunyamaza ni kwake. Lakini ule uso ninaouchora kila wiki, mrefu, wa taya kavu, wenye mistari miwili chini ya kila jicho, uso ule haukuwa pale.

Aliniacha nitazame nishibe. Kisha akachukua gazeti, lile la kifo, akalishika mbele yake akaniambia polepole, kwa sauti ya chini ili wazee wasisikie.

"Mkono ni wangu. Uso niliujua siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja wewe uujue."

Rispa alikuwa nyuma yake, ameshika kikombe cha dawa. Amesimama vile vile. Mwanga wa mlangoni ulimpiga upande mmoja.

Nilimwona. Miezi yote ile nilikuwa nikimwita kutoka jikoni, kutoka cherehani, simama hapo, usibadilishe uso, na nikachukua kila kitu kilichokuwa usoni mwake nikampa bibi wa miaka sitini wa kuchekesha watu. Uchovu wote ule nilidhani nimeutunga. Nilijisifu kwa ule uchovu. Na yeye akausoma gazetini Jumamosi amesimama, akaenda na kioo dirishani.

Hakukimbia kwa ajili ya aibu ya mama yake. Mimi ndiye niliyeamini hivyo kwa sababu ilinifaa.

Nimeona aibu leo kuliko aibu yoyote ya ukwe. Nilitoka nje. Rispa akatoka nyuma yangu baada ya muda. Tulisimama chini ya paa. Nilitaka kusema mengi, nikasema moja, kwamba sikujua. Akasema anajua sikujua. Akasema hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Hakuahidi kitu. Nimerudi peke yangu.

Jumamosi, 19 Juni

Gazeti limefika na Mama Debe ameamka. Mzee Salim alinikumbatia mbele ya wateja, mtu mwenye heshima zake. Wanawake wa soko wanataka jogoo wao. Mhariri amempa Mama Debe ukurasa wa nyuma wote na anataka vyumba tisa badala ya sita. Tisa. Nimesoma nikacheka peke yangu barazani, mtu aliyepita akaniangalia.

Nimemjibu hapana. Sita. Na wiki moja kila mwezi sitachora kabisa. Akitaka amtafute mwingine.

Jumanne, 22 Juni

Nilitoka posta nikasikia cherehani kabla sijafika getini.

Sikukimbia. Nilisimama njiani kidogo, nikasikiliza.

Hatukusema lolote la maana. Alisema mama anakula sasa. Alisema nyumba inanuka ugali ulioungua. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 28 Juni

Leo mvua haikunyesha alfajiri. Nimeamka, nimewasha moto mimi mwenyewe, nimepika chai, nimeimwaga nusu. Rispa alikuwa bado amelala. Nilimtazama bila penseli. Nikamwacha alale.

Alipoamka jua lilikuwa juu ya kabati. Akaja mezani na kikombe, akaniona nimekwama, chumba cha kwanza kitupu. Nikamwambia aketi kama anataka. Akaketi. Sikumwambia aweke mkono popote. Alikunywa chai yake, mimi nikachora.

Alipomaliza akavuta karatasi upande wake. Akatazama Mama Debe wa wiki hii kwa muda. Kisha akachukua kifutio, akafuta mstari mmoja chini ya jicho la kulia. Ile mingine akaiacha. Akapuliza mabaki mezani, akanirudishia karatasi, akaenda barazani kwenye sare zake.

Nikachovya kalamu. Chumba cha kwanza kimepata wino.